Sarara Irudi Nyumbani

Mgeni afikapo Mbozi Mission aghalabu huuliza mambo mawili: kwanza, njia ya kwendea Ndolezi kukitazama kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani zamani zisizo na shahidi, na ambalo mpima ardhi W. H. Nott alilitangazia ulimwengu mwaka 1930 ilhali wenyeji walikuwa wakilijua siku zote. Na pili, bei ya kahawa. Kuhusu maakuli yetu haulizi kitu, wala sina haki ya kumlaumu, kwa kuwa hata sisi wenyeji, tuliojaliwa ardhi ya baridi na mvua, ng'ombe katika kila kitongoji, na kabichi maridhawa karibu mwaka mzima, tangu wamisionari wa Kimoravian, Traugott Bachmann akiwa mbele yao, walipoweka makao hapa mwishoni mwa karne ya 19 mpaka Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hatujapata kulizungumza jiko kwa uzito ule tunaolizungumzia shamba. Shamba tunalifanyia mikutano, tunaliundia vyama vya ushirika na kulipelekea mabwana shamba. Jiko tumemwachia mama, na mama tumemwachia mifupa.

Neno hilo la mifupa silisemi kwa mzaha. Ingia katika bucha lolote la Mlowo au la Vwawa saa moja asubuhi, ujionee. Paja la ng'ombe limening'inia kwenye ndoano, limepigwa muhuri wa mkaguzi. Chini yake liko gogo la mti mgumu, lililochimbika katikati kwa miaka ya shoka, na pembeni mizani, na juu ya mizani karatasi iliyofifia yenye bei. Vitu viuzwavyo ni viwili tu: mchanganyiko, yaani mfupa, mnofu, mafuta na kano kwa pamoja, kila pigo la shoka likitupa vipande vya mfupa ndani ya nyama, na steki, ambayo kwa lugha ya bucha maana yake ni mnofu usio na mfupa, uwe wa paja, wa bega au wa shingo, yote bei moja. Ama sarara, ule mnofu mrefu mwembamba ulalao upande wa ndani wa mgongo, kiungo ambacho mnyama hakitumii sana kwa kutembea wala kwa kukokota jembe, na kwa sababu hiyo hubaki laini hata katika ng'ombe aliyezeeka, hiyo ama hupasuliwa pamoja na uti wa mgongo ikapotelea katika mchanganyiko, ama huwa imekwisha ondolewa kabla mwanamke wa kwanza hajafika na kikapu chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sarara iko wapi leo?"

"Ile ina wenyewe, mzee. Watu wa choma waliichukua tangu usiku. Nikupimie mchanganyiko?"

Watu wa choma ndio wenye majiko yaliyopangwa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mahali ambapo malori ya Zambia na Kongo husubiri zamu yao ya kuvuka mpaka, na ambapo kila jioni moshi wa nyama hupanda juu ya viti vya plastiki walivyokalia wanaume. Sina uadui na nyama choma. Ni chakula chema, na mtu aliyeendesha lori kutwa anastahili kipande laini. Lakini hesabu ya jambo hili inanikera. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni miongoni mwa nchi zinazoongoza barani Afrika kwa mifugo, na bado kuna watoto tele katika wilaya yetu wanaofika darasa la saba bila kuonja nyama ya ng'ombe isiyokuwa ya kutafunwa mpaka taya ziume, ilhali baba zao wanaijua sarara vizuri sana, wameila wakiwa wamesimama, kwa pilipili na chumvi juu ya ubao, mbali na nyumbani. Mume akirudi huleta harufu. Rai yangu ni kwamba kipande hicho kirudishwe nyumbani, na katika njia zote za kukipika nilizozijaribu au kuziona zikijaribiwa, iliyotufaa kupita zote ni ile ya steki yenye ladha za Asia ya mashariki, ikaliwa pamoja na kachumbari ya kabichi mbichi.

Najua msomaji mmoja amekwisha tabasamu. Steki, asema, ni chakula cha hoteli. Na Asia, je, tumekosa chakula cha kwetu? Nitamjibu, lakini kwanza tulitazame jambo linalowafanya wanawake wengi wa huku waiogope nyama ya kukaanga bila kuichemsha, nalo ni ugumu.

Ng'ombe wetu wa asili, yule mwenye nundu, hauzwi akiwa kijana. Akiwa dume lililohasiwa huvuta jembe na mkokoteni miaka kadhaa. Akiwa jike huzaa na kukamuliwa kadiri awezavyo. Na siku yake ikifika hutembezwa mwendo mrefu hadi machinjioni, akachinjwa usiku au alfajiri, akawa ameuzwa kabla ya adhuhuri. Nyama ya namna hiyo ina magumu mawili yasiyofanana. La kwanza ni umri na kazi, vilivyokaza nyuzi na kano zake. La pili, ambalo wengi hawalitambui, ni haraka: nyama ya mnyama aliyechinjwa hivi punde hukakamaa kwa saa nyingi, kisha hulegea yenyewe polepole kwa sababu vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuzivunja nyuzi. Sisi huinunua ikiwa ingali katika kukakamaa, tukaitia sufuriani siku ile ile, halafu tukamlaumu ng'ombe. Mwenye jokofu na ailaze nyama humo usiku mmoja au mbili ikiwa imefunikwa vema, ataona tafauti. Asiye na jokofu asijaribu kuitundika dirishani kwa kutegemea baridi ya kipupwe. Baridi ya Mbozi ni kali kwa binadamu aliyelala bila blanketi la pili, lakini haitoshi kuzuia nyama isiharibike.

Dawa ya ugumu tuliyoizoea ni kuchemsha, na kwa mifupa, mbavu na miguu ni dawa ya haki, kwa kuwa kano zilizomo huyeyuka kwa moto wa muda mrefu zikaufanya mchuzi uwe mzito na mtamu. Lakini sarara haina kano za kuyeyusha. Ukiichemsha saa mbili hailainiki kitu, ila maji yake yote hutoka, ikabaki nyuzi kavu. Fauka ya hayo, tunaishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hutokota yakiwa na nyuzi joto 95 tu, si 100 kama kwa ndugu zetu wa Bagamoyo, hata ikawa nyama iwivayo pwani kwa saa mbili huku hudai zaidi, na mkaa zaidi. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaokusudia kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni nia njema. Lakini mama mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 hawezi kuutumia kuchemshia nyama ya maksai tangu mchana mpaka magharibi, utakwisha kabla ya mwezi kuandama. Steki hudai moto mkali wa dakika kumi.

Sasa nimgeukie yule aliyetabasamu. Steki ya hoteli, pande zima la nyama kwa sahani ya mtu mmoja, na kisu cha meno, hiyo kweli si yetu, na wala siipendi. Ni ulaji wa upweke, na katika nyumba ya watu saba ni ulaji usiowezekana. Huko mashariki ya Asia steki haikupata kukaa hivyo. Wakorea huikata nyama ya ng'ombe vipande vyembamba, wakailoweka katika sosi ya soya, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, wakaichoma mbele ya walaji wote, kila mmoja akichukua kidogo kidogo; wao huiita bulgogi. Wavietnamu, waliozoeshwa nyama ya ng'ombe zaidi na Wafaransa waliowatawala, waliikata vipande vya mraba wakaitikisa katika kikaango chenye moto wa kutisha, kisha wakaimimina juu ya majani mabichi na ndimu. Japani ndiyo yenye kisa cha ajabu kuliko zote: mnamo mwaka 675 mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, na ingawa amri zilibadilika na kuvunjwa kwa siri, desturi ya kutomla ilidumu karne nyingi, mpaka mwaka 1872 mfalme Meiji alipokula nyama hiyo hadharani ili watu wake wafuate. Hawa basi ni watu ambao nyama ya ng'ombe ilikuwa kwao adimu, walioila kwa vijiti visivyoweza kukata kitu, na ambao kwa ajili hiyo waliimudu sanaa ya kuifanya nyama chache iwatoshe watu wengi. Nusu kilo ikatwe nyembamba, ilale juu ya sinia la kachumbari, watu sita wale. Hili ndilo pishi lao, na mtu aliyelelewa kula sinia moja na nduguze hahitaji kufundishwa namna ya kulikalia.

Isitoshe, ladha zenyewe si ngeni kwa Mswahili. Mtu wa Unguja au wa Mombasa akisoma kwamba nyama inalowekwa katika tangawizi na kitunguu saumu na kitu kichachu, kisha inachomwa kwa moto mkali, atacheka aseme kwamba tunamwelezea mishkaki, na atakuwa amesema kweli. Pwani yetu imekuwa ikipokea vyakula vya Asia kwa majahazi ya kaskazi tangu zamani za kale. Kilichokawia kupanda bara ni zile ladha za mashariki zaidi, za soya na ufuta, nazo zilipopata nafasi ya kupanda zilipita mbele ya macho yetu. Kati ya mwaka 1970 na 1975 maelfu ya Wachina walifanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia kuijenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Vwawa na Tunduma. Na katika kambi zao walilima bustani zao wenyewe za mboga na kujipikia. Tukapokea reli mwaka 1976, hatukupokea kikaango. Hilo si taksiri ya mtu, kambi za kazi si mahali pa kufundishana mapishi, lakini nusu karne ni muda wa kutosha kuanza.

Na vitu vya kuanzia navyo viko hapa hapa. Ufuta unalimwa chini katika mabonde ya Momba, ukauzwa kwa stakabadhi ghalani, na wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania ni hao hao wa Asia, Wachina na Wajapani, wanaoukamua mafuta ya kutilia vyakula hivi ninavyovisema. Soya inalimwa Mbozi na zaidi Ruvuma. Mwaka 2020 China iliiruhusu rasmi soya ya Tanzania iingie katika soko lake. Gunia linaondoka, na chupa ya sosi inarudi kutoka mbali, ikapangwa katika maduka ya Tunduma kati ya siki na sosi ya nyanya. Kwa nini hatujapata mtu wa kuitengeneza sosi hiyo hapa, ni swali ninalowaachia wafanyabiashara. Kazi yake ni soya iliyochemshwa, ngano, ukungu maalumu, maji ya chumvi na subira ya miezi kadhaa, na sisi watu wa nyanda za juu tumekwisha onesha kwa kahawa kwamba subira tunayo. Tangawizi huletwa kutoka Same, kitunguu saumu kutoka Mbulu. Ndimu, karanga, alizeti na pilipili havina haja ya kuelezwa vitokako.

Ama pishi lenyewe, nitalieleza kama nilivyolishuhudia likifanywa na kulifanya, si kwa vipimo vya duka la dawa. Pata nusu kilo ya sarara. Ukiikosa, mwombe muuzaji mnofu wa kiunoni au wa upande wa juu wa paja, uliokatwa kwa kisu, wala si kwa shoka. Itazame ulivyo mwelekeo wa nyuzi zake kabla ya jambo lolote, kwa maana ndio utakaokuongoza mwishoni. Igawe mapande yenye unene wa dole gumba. Katika bakuli changanya vijiko vitatu vikubwa vya sosi ya soya, kijiko cha asali au sukari, maji ya ndimu moja, punje tatu nne za kitunguu saumu zilizopondwa, kipande cha tangawizi urefu wa kidole kilichokwaruzwa pamoja na maji yake, pilipili kwa kadiri ya ushujaa wa nyumba yako, na kijiko kidogo cha mafuta ya ufuta. Asiye na mafuta hayo akaange ufuta wenyewe katika sufuria kavu mpaka uanze kuruka na kunukia, autwange, autie. Harufu ni ile ile. Chumvi usiongeze hata chembe. Nyama ikae humo saa moja au mbili. Ikiwa ni mnofu wa paja la ng'ombe mzee, ongeza kijiko kimoja cha papai bichi lililokwaruzwa, kama wafanyavyo wapishi wa mishkaki, lakini hapo muda usizidi nusu saa, kwani utomvu wa papai haujui kusimama, na nyama iliyolazwa ndani yake usiku kucha huamka uji.

Kisha linakuja jambo ambalo wapishi wetu wengi hulikosea, nalo ni ukavu. Nyama itokayo bakulini ikidondoka haikaangiki, huchemka katika maji yake na kugeuka kijivu. Ikaushe kwa kitambaa safi, kila upande, uyaweke pembeni yale maji ilimolowekwa. Kikaango kiwe cha chuma kizito, kiwekwe motoni peke yake mpaka tone la maji likianguka lipotee palepale. Ndipo utie mafuta ya alizeti kidogo, si ya ufuta, maana haya huungua upesi na kuwa machungu. Laza nyama, usiiguse. Sauti itakuwa kubwa na moshi utakuwepo, kwa hiyo mlango wa jiko uwe wazi. Baada ya dakika tatu, au nne kwa pande nene, itajiachilia yenyewe kutoka chuma, na upande wa chini utakuwa umepata rangi ya kahawa iliyokaangwa vema, na ile asali ndani ya sosi imeganda ikawa ngozi nyembamba yenye kung'aa. Geuza, fanya vivyo hivyo. Itoe, iweke juu ya ubao, ifunike, na uiache dakika tano bila kuikata, hata watoto wakilalamika, ili maji yake yatulie ndani. Wakati huo yale maji ya bakuli yatie katika kikaango kile kile yachemke sawasawa mpaka yawe mazito. Hatimaye chukua kisu kikali, ukate kinyume na nyuzi, vipande vyembamba unavyoweza. Nyama ile ile ikikatwa kwa kufuata nyuzi hutafunwa bila mwisho, na ikikatwa kinyume huachia kinywani. Sijui ithibati nyingine iliyo nyepesi kuliko hiyo ya kwamba mkono wa mpishi una thamani kuliko bei ya nyama.

Kachumbari haina budi kuandaliwa kabla ya nyama kuingia motoni. Hapa Mbozi kabichi hupikwa kwa namna moja tu, hukatwa ikatiwa nyanya na kitunguu na mafuta na kuachwa ijilaze mpaka inyong'onyee na kunuka, hata wanafunzi wanaotoka bwenini wakaapa hawataila tena maishani. Ilhali kabichi ya huku, iliyofungamana katika baridi, ina utamu ambao kabichi ya joto haiupati, na utamu huo uko mbichi. Ikate nyembamba kama uzi, kwa kisu na si kwa kikwaruzo, pamoja na karoti, pilipili hoho na kitunguu chekundu. Nyunyiza chumvi kidogo, uisugue kwa vidole kidogo, uiache dakika kumi, kisha ikamue maji. Hapo tia ndimu, sukari kidogo sana, tangawizi kidogo sana, giligilani iliyokatwa, na mwisho kabisa karanga zilizokaangwa na kupondwa zisiwe unga. Majira ya embe yakiwadia, embe bichi likatwe nyuzi nyuzi liingie humo, na hapo chakula kinakaribia vile walavyo watu wa Thailand na Vietnam. Nadiriki kusema huwashinda. Parachichi, ambalo siku hizi kila mtu analipanda kwa ajili ya kusafirishwa, si lazima, ila mtoto hupenda.

Nina hadhari mbili, na ya kwanza si ya kupuuzwa kwa ajili ya ladha. Mboga mbichi huliwa bila moto wa kuitakasa, na wilaya hii ya Mbozi ni mojawapo ya mahali ambapo watafiti wamelichunguza kwa muda mrefu tatizo la tegu wa nguruwe. Mayai ya mdudu huyo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika bustanini kwa maji ya kumwagilia au kwa mikono, na yakimezwa na mtu huweza kupanda hadi kwenye ubongo na kumletea kifafa. Ndimu na siki haziyaui. Kabichi ibanduliwe majani ya nje na kutupwa, iliyobaki ioshwe jani kwa jani kwa maji safi yanayotiririka, na giligilani ioshwe mara zaidi. Na anayeosha awe amenawa kwa sabuni. Vivyo hivyo nyama iwe ile iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, na isiliwe ikiwa mbichi katikati kama wafanyavyo walaji wa hoteli: maji yake yasiwe mekundu, na ya watoto iive kabisa, kwa kuwa ng'ombe naye ana tegu wake, ambaye huishiwa nguvu joto la ndani ya nyama lipitapo nyuzi 60. Ya pili ni chumvi. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Vijiko vitatu kwa watu sita havina dhara; chupa iliyowekwa mezani kila mtu ajimiminie ina dhara kubwa kwa wazee wenye shinikizo la damu, nami ni mmoja wao.

Chakula hicho kiliwe na nini? Kwa wali wa Kamsamba au wa Kyela ni karamu. Kwa ugali, nasikia wajuzi wa mambo ya mapishi wakisema haufai, na nasikia wakisema hivyo wakiwa Dar es Salaam. Ugali wa sembe uliosongwa vema, mchuzi ule mzito wa soya na tangawizi ukiwa umemiminwa pembeni, hukubaliana na nyama hii pasipo shida, na huyapunguza makali ya chumvi. Familia moja ninayoifahamu hapa Misheni huila na ndizi za kuchemsha, na sikuona aliyebakiza kitu katika sinia.

Linabaki jambo la gharama, ambalo ndilo lisemwalo kwanza kila ninapolizungumza shauri hili. Ni kweli kwamba kilo ya steki ina bei kuliko kilo ya mchanganyiko. Lakini katika kilo ya mchanganyiko mifupa ina sehemu yake kubwa ya uzito, na mkaa wa kuichemshia una bei yake. Na baba anayesema kwamba nusu kilo ya sarara Jumamosi haiwezekani, aghalabu ameitumia fedha hiyo na kuzidi jioni ya Ijumaa, yeye na rafiki yake mmoja, mbele ya jiko la choma. Sitaki kuonekana mhubiri. Mtu na ale na rafiki yake. Nasema tu kwamba umaskini wa nyama ndani ya nyumba nyingi za wilaya hii hautokani na mfuko peke yake, unatokana pia na njia ambayo mfuko huo hupitia kabla ya kufika nyumbani, na kwa upande wa mama, na kutofahamu kwamba kipande kile kinaweza kupikwa katika jiko lake la kawaida, bila oveni, bila mpishi wa hoteli, kabla wali haujakauka.

Kwa hiyo nina ombi kwa wauza nyama wa Mlowo, Vwawa na Tunduma. Itengeni sarara na mnofu wa kiuno kwa kisu, mwandike bei yake peke yake ubaoni, mkubali kuipima hata robo kilo, na msiiuze yote usiku; watu wa choma wapate nusu, na nusu ibaki ndoanoni mpaka saa tatu asubuhi kwa ajili ya wenye vikapu. Na wewe msomaji uliye baba wa nyumba, Jumamosi hii upite bucha kwanza.